Wimbo wa Mwisho Upande wa Pili

Kitu nilichokiona kwanza ni kwamba paka alikuwa anaondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Paka wa karakana ya mjomba hulala juu ya spika ya kushoto, kwa sababu ina joto. Mjomba ni fundi wa mashine za santuri. Akimaliza kutengeneza mashine huweka santuri na kuiacha icheze upande mzima, huku yeye anakunywa chai. Zamani paka alikuwa analala upande wote, tangu wimbo wa kwanza mpaka sindano inapofika kwenye karatasi ya katikati. Halafu nikaona ameanza tabia mpya. Wimbo wa nne ukikaribia kwisha anafungua jicho moja. Wa tano ukianza, ambao ndio wa mwisho, anashuka, anakwenda kukaa mlangoni na kutupa mgongo. Ukiisha anarudi kulala. Nilimchunguza wiki mbili. Santuri zilibadilika, waimbaji wakabadilika, hata mashine zikabadilika, lakini wimbo wa mwisho hakuutaka.

Nilitaka kumwambia mjomba, ila kwangu kusema ni kazi. Maneno yapo, yamepanga foleni kooni, lakini la mbele halitaki kutoka na ya nyuma hayawezi kulipita. Mjomba huniita Redio, kwa kuwa sisemi. Mteja akiuliza, "Huyu binti ni bubu?" yeye hujibu, "Huyo ni Redio, betri tu imekwisha."

Kazi yangu ni kufuta vumbi, kupanga skrubu kwa ukubwa, kumshikia tochi, na kumpa bisibisi kabla hajaiomba. Niliishia darasa la tano, lakini skrubu haziulizi cheti.

Mjomba anapenda kueleza, na mimi ndiye msikilizaji wake asiyeweza kumkatiza. Alinieleza kazi yake hivi:

"Sikiliza, Redio. Santuri ilipochongwa kiwandani, sindano ya kuchongea ilikwenda mstari mnyoofu, toka ukingoni hadi katikati, kama mtu anayetembea juu ya reli. Lakini mkono wa mashine yetu umefungwa begani. Unazunguka kama mlango kwenye bawaba zake. Umewahi kuona mlango unaokwenda mnyoofu?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi. Ndiyo maana kichwa kinachobeba sindano tunakipinda kidogo, na sindano yenyewe tunaisogeza mbele kwa kiasi maalumu. Ukipatia, kuna mahali pawili, pawili tu, ambapo sindano inakaa sawasawa na mtaro wake. Kwingine kote ni kuvumiliana, kama ndoa. Usipopatia, panapoumia zaidi ni ndani, karibu na katikati, maana huko mitaro inazunguka kwa kubanwa. Wimbo wa mwisho unaanza kutema mate, kila s inafoka."

Mahali hapo pawili alikuwa anapapata kwa karatasi. Karatasi ina tundu la kuivalisha kwenye kijiti cha katikati cha mashine, na ina nukta mbili, kila nukta imezungukwa na mistari midogo kama wavu. Unashusha sindano kwenye nukta ya kwanza, unakipinda kichwa mpaka kikae sambamba na mistari, kisha unahamia nukta ya pili, unarudi ya kwanza, unakwenda ya pili, mpaka zote mbili zikubali. Chini kabisa ya karatasi kuna mstari mmoja mrefu wenye namba 10 mwishoni. Huo mjomba alisema ni pambo.

Karatasi ya mwanzo aliachiwa na fundi aliyemfundisha. Ilipochakaa mpaka ikawa laini kama leso kuukuu, alinituma kwa Mama Kopi, mwenye mashine ya fotokopi mtaa wa pili, nikaitolee nakala nyingine. Mpya ikatiwa nailoni, ikatundikwa ukutani kwenye msumari wake. Ile ya zamani ikafia kwenye kikombe cha chai.

"Afadhali," mjomba alisema siku ile, akiishika mpya karibu na pua. "Sasa naona. Ile ya zamani mistari yake ilikuwa ya kusomwa na siafu."

Tangu hapo wateja walianza kurudi. Kinyozi alikuja akasema mwimbaji wake anatema mate kila mwisho wa santuri. Mjomba akaivalisha karatasi, akashusha sindano, akatazama kwa lenzi. Sawasawa, nukta ya kwanza na ya pili.

"Mashine haina kosa," akamwambia. "Hao waimbaji wa zamani walikuwa wanarekodi siku nzima. Wimbo wa mwisho mtu yuko hoi, anataka kwenda kwake. Hata wewe kichwa cha mwisho jioni unakinyoa vizuri?"

Kinyozi akafikiri sana. "Hapana," akakubali, akaondoka na mashine yake.

Ingeishia kwa kinyozi na paka, labda ningekaa kimya mpaka leo. Lakini mjomba akaipeleka mashine nyumbani kwetu.

Nyumbani naishi na bibi wawili, dada za marehemu bibi yangu mzaa mama. Bibi Mkubwa alimtangulia kuzaliwa, Bibi Mdogo alimfuata. Mjomba anawaita Mama Mkubwa na Mama Mdogo, na ndio waliomlea pamoja na mama yake. Bibi yangu mwenyewe alikuwa katikati, na kila mtu anasema ndiye alikuwa ukuta. Tangu ukuta uanguke, upepo unavuma moja kwa moja. Mimi nalala chumba kimoja na Bibi Mdogo, na ndiye anayenisukia nywele, bila kunilazimisha mazungumzo.

Wote wawili walikuwa wauguzi. Zamani, walipokuwa wanafunzi, kwaya ya chuo chao ilirekodi santuri moja. Wimbo wa mwisho upande wa pili wanaongoza wao wawili, Bibi Mkubwa sauti ya chini, Bibi Mdogo sauti ya juu, na kwaya inafuata nyuma. Kwa zaidi ya miaka arobaini santuri ile ilikaa sandukuni katikati ya mashuka, kwani hapakuwa na mashine ya kuichezea. Mwezi uliopita mjomba akawaundia moja, boksi la mbao alilolipiga msasa mwenyewe, akaileta imefungwa utepe.

Tulikaa sebuleni wote wanne. Nyimbo nne za kwanza bibi zangu walishikana mikono, wakawa wanatajana majina ya wenzao, yupi alikuwa mnene, yupi aliolewa na mpishi wa chuo. Ukafika wa tano.

Wimbo wenyewe ni "Safisha Sindano, Sista". Uliandikwa na mkuu wa chuo, ambaye alikuwa hodari wa usafi kuliko muziki. *Safisha sindano, sista, safisha sana sana, usisahau sabuni, usisite, usisinzie.* Hakuna mstari wenye s chini ya tano. Kwenye spika ya mjomba kila s ilitoka kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji.

Bibi Mkubwa akauachia mkono wa mdogo wake.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nini, dada?"

"Ulimi wako. Tangu utoto una ulimi mvivu. Mama alikuwa anakwambia, inua ulimi."

"Ulimi wangu? Nani alikuwa na pengo la mbele mwaka ule? Pengo la kupita baiskeli na abiria wake."

"Pengo langu lilikuwa dogo."

"Dogo. Ulikuwa ukisema 'sista', aliyekaa mstari wa mbele anafungua mwavuli."

Mjomba aliingiwa na hofu akaleta karatasi yake. Akapima mbele yao kwa lenzi, tochi nimeshika mimi. Nukta ya kwanza sawasawa. Nukta ya pili sawasawa. Na badala ya kunyamaza akasema, kwa fahari ya kazi, "Mashine haina kosa."

"Umesikia?" akasema Bibi Mkubwa. "Fundi kasema mashine haina kosa. Basi kosa lina mtu. Mwanangu, ni sauti ipi inayotema, ya juu au ya chini?"

Mjomba ni mwerevu wa mashine tu. "Naona kama ya juu," akasema.

Siku hiyo hiyo Bibi Mdogo alitoa begi.

Alisema anahamia kwa mwanawe, safari ya siku nzima kwa basi, na hatarudi, kwa sababu hawezi kuzeeka kwenye nyumba ambamo ulimi wake unajadiliwa na mafundi. Jumapili asubuhi mwanawe angekuja kumchukua. Begi likakaa mlangoni. Kila jioni alilifungua kutoa kandambili, chanuo na gauni la kulalia, na kila asubuhi alivirudisha vyote akafunga zipu kwa nguvu ili dada yake asikie.

Hawakusemeshana tena ila kupitia kwangu, mimi ambaye sisemi.

"Redio, mwambie bibi yako chumvi iko mbele yake."

Nikaisogeza chumvi.

"Redio, mwambie bibi yako asante, chumvi nimeiona, macho yangu ni mazima kama ulimi wangu."

Nikairudisha chumvi. Sikujua kingine cha kufanya.

Alhamisi nilikuwa peke yangu karakanani, nafuta vumbi. Nilikuwa na rula yangu ya shule, ambayo sasa napimia urefu wa skrubu. Nikaishusha karatasi ya mjomba kuifuta nailoni yake, na bila sababu yoyote nikaiweka rula juu ya lile pambo la chini. Pambo liliandikwa 10. Rula ikasema 12.

Nikageuza rula, nikapima kwa upande wa pili. Kumi na mbili. Nikachukua utepe wa mjomba wa kupimia mbao. Kumi na mbili. Halikuwa pambo. Ilikuwa njia ya karatasi kusema, nipimeni kwanza, kama mimi si kumi, msiniamini.

Nikakaa juu ya ndoo. Nilimkumbuka Mama Kopi siku ile, ameinua mfuniko wa mashine, akiniambia, "Mistari yenyewe midogo hivi, na mjomba wako haoni. Nikukuzie kidogo?" Na mimi niliitikia kwa kichwa. Sikujua kama inafaa. Niliitikia kwa sababu kuitikia kunaisha haraka.

Mama Kopi akakuza. Nukta zote mbili zikasogea mbali na katikati, na kwa miezi saba mjomba akawa anazifuata. Ndiyo maana kila kichwa alichofunga alikuwa anakisukuma mbele mpaka mwisho wa vitundu vyake huku akinung'unika kwamba viwanda vya siku hizi vinatoboa vitundu vifupi.

Nilitaka kusema siku hiyo hiyo. Niliiacha rula juu ya karatasi, imelala sambamba na ule mstari, ili mjomba mwenyewe aone, maana mwenye macho haambiwi tazama. Mjomba akaja, akaiona rula, akafurahi, akaichukua akajikunia mgongo.

Wakati wa chai nikajaribu kwa mdomo.

"Mjomba."

Alishtuka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Naam, Redio. Sema."

Nikamtazama. Alikuwa amechoka. Bibi Mdogo alimlea tangu ana miezi sita, na sasa anafungasha kwa ajili ya mashine aliyoiunda kwa mikono yake.

"Chai imekwisha," nikasema.

"Kweli," akasema, akiitazama sahani. "Imekwisha."

Ijumaa nikapata njia ya kurekebisha mambo bila kusema na mtu, au niliamini nimeipata. Mjomba alipokwenda kununua nyaya, nikachukua karatasi nikakimbia kwa Mama Kopi.

"Nipunguzie," nikamwambia.

"Hee. Leo una mdomo," akasema. "Nipunguze kiasi gani?"

Hilo sikulijua. Akajaribu themanini kwa mia. Nikaweka rula. Haikufika kumi.

"Bado," nikasema.

Akajaribu themanini na tano. Ikapita kumi kwa upana wa uzi wa viatu.

"Bado."

"Mwanangu, unapima karatasi au unapima subira yangu? Watu wako nyuma yako na barua za kazi."

Nyuma yangu palikuwa na wanaume watatu, wote wamenyoosha shingo kuitazama rula yangu. Masikio yaliwaka moto. Lakini nilikuwa nimeshafika, na begi lilikuwa mlangoni. "Themanini na tatu," nikasema. Hiyo ilitoka, nikaweka rula, na kumi ikawa kumi. Mwanaume mmoja nyuma yangu akasema, "Hapo sasa," kama naye alikuwa fundi.

Nikaitia nailoni, nikaitundika kwenye msumari. Ile kubwa nikaificha ndani ya gauni. Mjomba aliporudi na kuishika, aliipeleka karibu na pua, akaiweka mbali, akairudisha.

"Redio. Mistari hii imesinyaa, au ni mimi?"

Nikatikisa kichwa namna ambayo inaweza kuwa ndiyo na inaweza kuwa hapana.

"Ni mimi," akasema kwa huzuni. "Jumatatu naenda kwa daktari wa macho."

Jumamosi alasiri alifunga karakana tukaenda nyumbani. Alitaka kupima kwa mara ya mwisho kabla ya Jumapili. Mimi nilitembea nyuma yake kwa moyo mwepesi. Niliona atapima kwa karatasi sahihi, atagundua kichwa hakiko mahali pake, atakirekebisha, wimbo utatoka safi, na hakuna atakayejua kwa nini. Sikufikiria kwamba mtu anayekuta kitu kimehama kwanza huuliza nani amekihamisha.

Bibi zangu walikuwa wamekaa sebuleni, kila mmoja amegeukia dirisha lake. Mjomba akaivalisha karatasi, akashusha sindano kwenye nukta ya kwanza. Nilimmulikia. Kichwa cha mashine hakikuwa sambamba na mistari hata kidogo. Kilikuwa kimekaa upande, kama mtu anayechungulia kwa jirani. Mjomba akaondoa lenzi, akaifuta kwa shati, akairudisha. Akahamia nukta ya pili. Huko kilikuwa kinachungulia kwa jirani wa upande mwingine.

Akasimama wima, taratibu.

"Nani ameichezea hii mashine?"

Bibi zangu wakaendelea kutazama madirisha yao.

"Nauliza kwa heshima zote. Wiki iliyopita niliiacha sawasawa, nyote mlishuhudia. Leo kichwa kimepindwa. Mama Mkubwa?"

"Mimi sishiki vitu vya umeme. Muulize mwenye ulimi."

"Mama Mdogo?"

Bibi Mdogo aligeuka kutoka dirishani, na kwa mara ya kwanza wiki ile alizungumza na dada yake ana kwa ana. "Yaani ulikuja kuipinda bila kuwepo mtu, ili hata siku ya kuondoka niaibike tena?"

"Nani aipinde? Umeipinda wewe, ili iseme ni mashine na si ulimi wako."

"Mama zangu," mjomba akasema.

"Nipe viatu vyangu. Singoji kesho. Nitamngoja mwanangu stendi ya basi."

"Utalala stendi?"

"Stendi hakuna anayenikagua meno."

Bibi Mdogo akainuka. Alikuwa amevaa kandambili, viatu vya safari viko ndani ya begi, kwa hiyo akainama kulifungua, na zipu ikagoma, maana aliifunga kwa hasira siku nyingi mno. Akaivuta. Mjomba akainama kumsaidia. Bibi Mkubwa akasema mwacheni, akitaka kwenda aende, lakini naye alikuwa ameshasimama na sauti yake haikuwa sawa.

Nikaitoa karatasi kubwa ndani ya gauni, nikaiweka mezani juu ya kitambaa. Hakuna aliyetazama.

"Ni mimi," nikasema.

Mjomba akainua kichwa. "Wewe umeigusa mashine?"

"Sijaigusa. Niliitikia."

"Uliitikia nini?"

Hapo lile neno la mbele likatoka, na yote yaliyokuwa nyuma yake yakamwagika kama mtama. Nilisema Mama Kopi aliuliza nikukuzie nikaitikia, na kumi ikawa kumi na mbili, na lile si pambo, mjomba, si pambo hata kidogo, ni kipimo cha kipimo, na wewe hukosei, wewe ulikuwa unafuata nukta, nukta ndizo zilizohama, na paka anajua, kila siku anaondoka wimbo wa mwisho, na jana nimeipunguza, themanini na tatu kwa mia, na macho yako si mabovu kuliko zamani, usiende kwa daktari, au nenda lakini si kwa sababu hiyo, na Bibi Mdogo hana ulimi mvivu. Nikaishiwa na pumzi. Nikaweka rula juu ya karatasi kubwa, kisha juu ya ndogo.

Walinitazama kana kwamba kabati limewaomba kiti.

"Kumbe betri ipo," Bibi Mkubwa akasema polepole.

Mjomba aliiinamia rula kwa muda mrefu. Kumi na mbili. Kumi. Akakaa chini, sakafuni, karibu na begi.

"Miezi saba," akasema. Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kinyozi. Mchungaji. Mwenye hoteli, na yeye zilikuwa mbili. Yule mwalimu mstaafu nikamwambia anunue santuri mpya. Daktari wa meno." Akafumba macho. "Daktari wa meno aliniambia mwimbaji wake ana pengo. Nikamjibu, wewe ndiye mtaalamu."

Nilingoja anifukuze. Aliinua mkono, nikafikiri ananionyesha mlango. Alikuwa anaomba bisibisi. Tayari nilikuwa nimeishika, nikampa.

Alilegeza skrubu mbili za kichwa. Akakirudisha nyuma, akakipinda kidogo tu, kiasi cha upana wa punje ya mchele. Nukta ya kwanza, nukta ya pili, tena ya kwanza. Akaniachia mimi nizikaze zile skrubu mbili. Halafu akaweka santuri upande wa pili, akashusha sindano mwanzoni mwa wimbo wa tano, akarudi nyuma kama mtu aliyewasha fataki.

*Safisha sindano, sista, safisha sana sana.*

Ilitoka kavu. Kila s ilikuwa imekaa mahali pake, nyembamba na safi, kama shuka lililopigwa pasi. Nyuma yao kwaya ilisikika mtu mmoja mmoja. Sauti ya juu ilikuwa nzuri sana. Bibi Mdogo alikuwa bado ameishika zipu.

Wimbo ulipoisha sindano ikabaki inakwaruza katikati. Kisha Bibi Mkubwa akageuka, si kwa mdogo wake, bali kwa mjomba.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa na kosa."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Nawe ukasema haina."

"Nilisema, mama."

"Ukasema sauti ya juu," akadakia Bibi Mdogo.

"Nilisema."

"Umemsikia, dada? Mtoto tumemnywesha uji kwa kijiko, tumemkeshea surua, leo anatuambia tunatema mate."

"Nimemsikia. Na mwaka ule alimeza kitufe, nani aliyemgeuza kichwa chini miguu juu?"

"Wewe ulishika miguu, mimi nikapiga mgongo."

"Tungekiacha kile kitufe."

Walikuwa upande mmoja tena, na mjomba peke yake upande wa pili, na niliona usoni mwake kwamba hajapata kufurahi hivyo siku nyingi. Walimsema mpaka chai ikaiva na mpaka ikanywewa. Mimi walinisema kidogo tu, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba siku nyingine nikiulizwa na Mama Kopi nitumie mdomo niliopewa. Bibi Mdogo akanituma nilipeleke begi chumbani na kutoa kila kitu ndani yake. Zipu ilibidi mjomba aikate kwa koleo. Mwanawe alipokuja Jumapili alikuta mama yake anafua, akapewa chakula, akarudishwa alikotoka. Na wiki iliyofuata mimi na mjomba tulipita nyumba kwa nyumba na karatasi ndogo, na kila mlango mjomba alisema mwenyewe, bila kunitaja, "Nilikosea kupima." Daktari wa meno alicheka mpaka akalazimika kuvua barakoa.

Lakini Jumamosi ile, kabla hatujalala, Bibi Mkubwa aliniita. Walikuwa wameucheza wimbo mara ya sita.

"Redio, masikio yako ndiyo mazima humu ndani. Sema kweli. Umesikia kosa lolote kwenye wimbo wetu?"

Bibi Mdogo alikuwa nyuma yake, anakunja gauni la kulalia. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Hapana, bibi," nikasema.

Kosa lipo. Zamani lilikuwa limefunikwa na mate, sasa linasikika wazi. Ni mwanzo wa ubeti wa mwisho. Sauti ya chini inaingia kabla ya wakati, peke yake, inatamka "sa" na kujishtukia. Na sauti ya juu, ambayo ilikuwa na haki ya kungoja, inaruka na kuingia hapo hapo, mapema vilevile, ili mwenzake asiachwe peke yake, na kwaya nzima inalazimika kukimbia kuwafuata. Nimeusikiliza peke yangu mara nyingi, na sijapata kumwambia mtu mpaka sasa.

Bibi Mkubwa, uliingia mapema. Ni wewe.